Kadi Tatu Kwenye Bomba la Taka

Juzi nilipanda ngazi za jengo moja kule Alby kwenda kumjulia hali rafiki yangu aliyetoka hospitali. Lifti ilikuwa mbovu, nami siku hizi sina haraka. Nilipofika ghorofa ya tatu nikasimama kupumua, na hapo ikanijia harufu ya sabuni ya majimaji ya kusugulia sakafu, ile ya rangi ya asali inayonukia msonobari, imechanganyika na unyevu wa zege na kahawa ya mtu nyuma ya mlango. Nikashika ukingo wa ngazi. Rafiki yangu aliponifungulia aliniuliza kama moyo unanisumbua. Nikamwambia ni uzee tu. Sikumwambia kwamba kwa dakika nzima pale nilikuwa na miaka kumi, nimesimama ngazini Vårby gård na bahasha tatu mkononi, nikisikiliza kama kuna mtu anapanda.

Baba yangu alikuwa fundi wa mitambo ya kuchapia magazeti. Alitoka Tanga nilipokuwa bado natambaa, kwenda kwa Waswidi kujifunza kazi kwa miaka miwili. Miaka miwili ikawa mitano, kisha mama na mimi tukamfuata. Ukipiga hesabu ya ndoa yao, walianza nyumbani kwa bibi, vyumba vitatu na watu kumi na mmoja. Halafu wakawa mume na mke wa barua. Halafu wakaishi nami kwenye nyumba ya vyumba viwili yenye kuta zinazopitisha hata chafya. Hawakuwahi kukaa wawili peke yao hata wiki moja. Hili nimelijua baadaye sana, nilipokuwa na ndoa yangu mwenyewe na nikaiharibu. Wakati ule niliona tu wazazi wangu ni watu walioumbwa pamoja na mimi katikati.

Jioni moja ya mwisho wa kiangazi baba alirudi na karatasi iliyokunjwa mara nne. Chama cha wafanyakazi cha pale kiwandani kilikuwa kimepanga safari ya kutalii Amerika ya Kaskazini, wiki tatu, ndege mpaka New York kisha basi kutoka jiji hadi jiji, kwa wafanyakazi na wake zao au waume zao. Baba alikwisha kuandika majina mawili bila kumwuliza mtu. Akasimama jikoni akasoma kwa sauti ya mtangazaji wa redio: New York, Philadelphia, Chicago, Detroit, Toronto, Montreal. Mama alikuwa anamenya viazi. Hakugeuka.

"Hiyo Toronto," akauliza, "iko karibu na yale maji?"

Yale maji ni maporomoko ya Niagara, yaliyokuwa kwenye kalenda ya dukani iliyotundikwa juu ya jiko. Mwaka wa kalenda ile ulikwisha zamani, lakini mama alikataa katakata kuishusha.

"Tutapelekwa siku nzima," baba akasema. "Na koti la mpira tunapewa, tusilowe."

"Na huyu?" Kisu kikanielekea mimi.

"Watoto hawaendi, Zuhura. Hii ni safari ya watu wawili."

Mama akaendelea kumenya. Lakini nilimwona anatabasamu huku ameviinamia viazi, tabasamu ambalo sikulijua, na nikaona wivu bila kuwa na jina la kuliita.

Kwetu safari haitangazwi. Wengi wenu mmelelewa hivyo hivyo: leo unamwona mtu sokoni, wiki ijayo unasikia yuko Ulaya, na hata dada yake hakuaga. Mama alilishika jambo hili kwa mikono miwili. Alikuwa na binamu aliyejitangaza kwenye harusi ya watu kwamba anakwenda kusoma Misri. Wiki ile ile akateleza ngazini akavunjika mguu, na Misri akabaki kuisikia redioni. Kwa hiyo bibi kule Tanga hakuandikiwa. Watanzania wenzetu tuliokutana nao Jumamosi hawakuambiwa. Siku mbili kabla ya kuondoka, mama akanikalisha kitandani.

"Nisikilize, mwanangu. Mtu akikuuliza baba na mama wako wapi, sema wapo."

"Wapo wapi?"

"Wapo tu. Safari ikisemwa inaingia macho ya watu. Inaharibika."

"Inaharibikaje?"

Mama alikuwa anakunja soksi za baba. "Inaharibika," akasema. "Wewe funga mdomo wako, sisi tutarudi salama, tutasema wenyewe."

Aliokuwa nao moyoni ni wale wa Jumamosi. Mwalimu hakuwamo katika mawazo yake, wala serikali. Lakini hakufafanua, nami sikuuliza, na kichwa cha mtoto wa miaka kumi hakina mlango wa kati. Nilielewa hivi: ndege ya baba na mama imeshikiliwa angani na mdomo wangu. Nikiufungua, inaanguka.

Aliyeachiwa mimi na nyumba alikuwa Mama Sanyu. Alikuwa Mganda, ametoka kwao kwa kukimbia, na binti yake Sanyu amebaki na bibi yake huko Masaka. Alikuwa na chumba Rågsved, akahamia kwetu kwa zile wiki tatu na sanduku dogo na sufuria yake moja ambayo hakuiamini mikononi mwa mtu. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado ziko juu ya meza ya mtu fulani ofisini, na kila bahasha ya rangi ya kahawia ilipoanguka mlangoni, hata kama ni ya umeme, aliketi kwanza ndipo aiangalie. Alifanya kazi jikoni hospitali. Aliondoka saa kumi na moja alfajiri, mimi nikaamshwa na saa ya mezani na kwenda shule peke yangu, ufunguo shingoni.

"Ssebo," aliniita, yaani bwana mkubwa kwa lugha ya kwao, "mkate iko mezani. Usipokula mimi nitajua. Mimi nahesabu vipande."

Kiswahili chake kilitembea kwa miguu yake chenyewe, na nilimcheka, naye akanicheka kwa kuwa nilikula ugali kwa uma.

Barua ya kwanza ilidondoka kupitia kitundu cha mlango siku ya saba. Mama alikuwa ameitia kadi ya picha ndani ya bahasha, kwa sababu kadi tupu hata mleta barua anaweza kuisoma. Aliandika kwamba majengo ya New York ni marefu hata baba ameinua kichwa mpaka kofia ikaanguka barabarani, basi likaipitia. Aliandika: "Tulipanda lifti mpaka masikio yakaziba. Juu kule nilimshika baba yako mkono, na hakuna aliyetutazama." Kadi ya pili ilitoka Philadelphia, ambako walipanga foleni kutazama kengele kubwa yenye ufa. "Baba yako anasema ingekuwa Tanga fundi angekwisha kuitwa." Ya tatu ilitoka Chicago. "Hapa kuna ziwa, ng'ambo huioni. Nikasema hii ni bahari, wananidanganya. Nikavua viatu nikashuka nikaonja. Haina chumvi, mwanangu. Watu wa kwenye basi letu wakanipiga picha. Tukitoka hapa ni Detroit, halafu yale maji."

Nilimsomea Mama Sanyu zote tatu. Alitaka ile ya ziwa nirudie, kwa sababu kwao nako kuna ziwa, na alisema mama yangu ni mwanamke wa kweli: haamini maji mpaka ayaonje.

Sasa, kila vuli shule iliita wazazi. Wangu hawakutokea. Kesho yake fröken, ndivyo tulivyowaita walimu wa kike, akanizuia wenzangu walipotoka kucheza. Alikuwa mwanamke mwembamba mwenye chaki kila mahali, na simlaumu kwa lolote katika haya ninayoyaandika.

"Mama yako hakuja jana, Rashid."

"Alikuwa na homa."

"Na baba?"

"Alikuwa anamwangalia mama."

"Nimepiga simu asubuhi hii. Hakuna aliyepokea."

"Wamelala."

"Wote wawili?"

"Homa inaambukiza," nikasema.

Akaangalia soksi zangu, moja ya buluu, moja ya kijivu. "Nani anakupikia?"

"Mama."

"Mama mwenye homa. Jana mlikula nini?"

"Viazi," nikajibu, kwa kuwa ni jibu ambalo katika nchi ile halimshangazi mtu.

Alinihoji siku tatu za shule mfululizo, kwa upole, na kila siku nilijenga ghorofa mpya juu ya uongo wa jana. Nilikuwa hodari. Ninaandika neno hilo bila kujivuna; uhodari ule nimekuja kuutumia ukubwani kwa watu walionipenda, na umenigharimu. Siku ya tatu akanishika bega akasema kesho saa nane mchana atakuja mama mmoja mwema kutoka ofisi ya ustawi wa watoto, kuzungumza nami nyumbani. Nisiogope.

Niliogopa, lakini si kwa sababu aliyoidhani. Asubuhi ya kesho yake, Mama Sanyu alipokwisha kuondoka, nilizitoa zile bahasha chini ya godoro. Zilikuwa na stempu za Amerika na mwandiko wa mama. Mtu mzima yeyote angeona kwamba mkononi nina kila kitu kinachohitajika: zile kadi tatu mezani, na maneno yote yangekwisha kabla kahawa haijapoa. Mimi niliona ushahidi. Nikatoka ngazini, nikavuta kile kijimlango cha chuma cha ukutani ambamo kila nyumba ilitupa taka zake, nikaziachia. Nilizisikia zikigusa ubavu wa bomba, mara moja, mara mbili, kisha kimya. Chini kulikuwa na mtu anasugua sakafu.

Yule mama alikuja kwa wakati wake. Alivua viatu mlangoni, akakaa jikoni, akatazama kitanda kilichotandikwa cha wazazi wangu, jokofu, saa ya mezani niliyoitegesha mwenyewe. Aliniuliza yale yale ya fröken, nami nikajibu yale yale. Tukiwa hapo ufunguo ukazunguka mlangoni. Mama Sanyu alikuwa ameomba ruhusa kurudi mapema, maana aliniona siku mbili hizi sicheki. Aliingia na mfuko wa mikate mitamu ya iliki kutoka jikoni kwao.

"Ssebo, leo tunakula kama wafalme!" Akamwona mgeni, akasimama pale pale mlangoni.

"Huyu ni nani?" yule mama akaniuliza.

Nilifikiri haraka. Nikisema ni nani, ataulizwa yeye. Akiulizwa, atasema. Akisema, wanaanguka.

"Simjui," nikasema.

"Ana ufunguo wa nyumba yenu."

"Simjui."

Kiswidi cha Mama Sanyu kilikuwa cha maneno hamsini labda, lakini hilo lilikuwemo. Kwenye mahojiano ya karatasi zake walimwuliza kila mara kama anamjua huyu, kama anamjua yule. Aliweka mfuko mezani taratibu.

"Rashidi," akasema kwa Kiswahili, "mwambie."

Mimi nikatazama meza. Basi akajaribu mwenyewe. Alinyoosha kidole juu, akafanya mkono wake mbawa. "Mama, baba, Amerika. Amerika."

"Wazazi wako wako Amerika?" yule mama akaniuliza.

"Hapana," nikasema. Na kwa sababu nilihofia hapana moja haitoshi kuishikilia ndege, nikaongeza, "Anadanganya."

Yule mama akamwomba karatasi. Mama Sanyu akafungua mkoba, akatoa ile barua yake iliyochakaa kwenye mikunjo, akampa. Mkono ulimtetemeka. Jina lake likaandikwa kwenye daftari. Kisha nikaambiwa nichukue mswaki na nguo za siku chache, maana nitakwenda kukaa na familia moja nzuri mpaka wazazi wapatikane, na wakati ule nilielewa kwamba huenda nisirudi nyumba ile tena. Nilipopita mlangoni Mama Sanyu hakunigusa. Alisimama kando ya jiko mikono ikiwa imemshukia ubavuni, kama mtu anayengojea zamu yake kwenye foleni ndefu.

Familia ile ilikuwa na bustani, piano na mbwa mzee. Siku ya Alhamisi wakapika supu ya dengu za njano pamoja na chapati zao laini za sukari. Supu ilikuwa na nguruwe nikaikataa. Chapati sikuzikataa kwa dini, nilizitafuna tu bila kuzimaliza. Mama wa nyumba alidhani nalilia kwetu. Mimi nilikuwa nasikiliza redio. Kila taarifa ya habari ilipoanza niliacha kutafuna, kwa kuwa neno Amerika lilikwisha kutamkwa jikoni kwetu, mara tatu, mbele ya mgeni, na sikujua kama hapana yangu ilifika juu kwa wakati.

Yaliyotokea Alhamisi ile ile upande wa pili niliyasikia baadaye. Mama Sanyu hakwenda kazini. Alichomoa ukutani picha ya baba akiwa na nguo za kazi, akaichukua pamoja na ile barua yake iliyochakaa, akapanda treni mpaka kiwanda cha uchapaji, mwanamke ambaye kwa miezi mingi alivuka barabara kila alipomwona mtu mwenye sare. Alisimama getini akionyesha picha kwa kila aliyetoka. Mlinzi akamwita Bengt, kiongozi wa chama. Bengt akatazama picha, akamtazama mama huyu aliyefanya mkono wake mbawa, akacheka, kisha akaona kwamba yeye hacheki. Alikuwa na orodha ya hoteli zote mezani kwake. Akampakia kwenye gari lake mpaka ile ofisi ya ustawi wa watoto.

Ijumaa alasiri nikaitwa kwenye ofisi hiyo. Simu ilikuwa juu ya meza, mkono wa kusikilizia umelazwa kando. Mama Sanyu na Bengt walikaa benchini. "Zungumza," yule mama akaniambia.

"Rashidi?" Sauti ya mama ilikuwa ndogo na ina upepo.

"Mama, mko hai?"

"Tuko hai, mwanangu. Kwa nini tusiwe hai?"

"Ndege haijaanguka?"

"Ndege gani?" mama akasema. "Sisi tuko kwenye basi. Wiki mbili sasa tuko kwenye basi."

Nililia hapo kwa kelele ambayo Bengt alitoka nje asiisikie. Wiki mbili nilikuwa nimeibeba angani ndege iliyokwisha kutua, yenye abiria waliokwisha kushuka wakanunua kofia mpya. Mama alingoja nimalize. Nikamsikia baba nyuma yake, "Mwambie nipo hapa," na mama akamwambia anyamaze, simu ya watu hiyo.

"Sikiliza," akasema. "Nimezungumza na huyo mama, ameelewa. Mama Sanyu atakaa nawe kama kawaida, leo hii unarudi nyumbani. Sasa nakuuliza wewe, na unijibu kweli. Tuko Detroit. Hapa dirishani naiona Kanada, ng'ambo ya mto. Kesho asubuhi basi linavuka. Zimebaki siku nane. Tuendelee, au turudi?"

Nilijua ananiuliza nini. Nilikuwa nimeiona kalenda ile kila siku ya maisha yangu Vårby. Kwangu hatari ilikwisha. Kitanda changu kilikuwa kinaningoja, na Mama Sanyu yuko pale benchini na koti lake amelifunga vifungo vyote. Nilichotakiwa kusema ni neno moja.

"Rudini," nikasema.

Upepo ukavuma kwenye waya. "Haya, mwanangu," mama akajibu.

Walirudi Jumapili, na kofia mpya ya baba. Mama hakunigombeza. Aliuliza tu kadi zake ziko wapi, nami nikamwambia. Alinitazama, halafu akaanza kucheka, akacheka mpaka akakaa chini pale mlangoni pa jikoni na kanga usoni, na baba akasema, "Kofia yangu imekanyagwa New York, na habari zake zimezikwa jalalani Vårby. Mwanamume gani ameuawa mara mbili hivi?" Zilikuwa barua pekee ambazo mama aliwahi kuniandikia. Tuliishi pamoja mno, hakukuwa na haja ya nyingine.

Jumatatu alinipeleka shule. Akasimama mbele ya fröken kwa Kiswidi chake alichokiokota akisafisha wodi za hospitali, akasema kosa ni lake: alimwambia mtoto anyamaze, na mtoto ni mtiifu. Fröken akawa mwekundu. Kwa kutojua afanye nini na mama aliyekuja kuomba radhi, akateremsha ramani kubwa ya Amerika akamwomba alionyeshe darasa safari yao. Basi mama yangu, aliyeficha safari ile hata kwa mama yake mzazi, aliitangaza mbele ya Waswidi ishirini na sita. Kidole chake kikaenda New York, Philadelphia, Chicago, wakacheka sana kwa habari ya ziwa, kikafika Detroit, kikasimama.

Msichana mmoja wa mbele, mwenye macho makali, akasoma ramani. "Niagara iko hapo tu karibu. Kwa nini hamkuiona?"

"Tulitamani nyumbani," mama akasema.

Hakunitazama. Nami, mtiifu, nilikaa kimya.

Hawakupanga safari nyingine kama ile. Ilikuja kazi, ikaja nyumba ya kujenga Tanga, likaja figo la baba. Baba alifariki kabla ya kustaafu, na mama alimfuata miaka mingi baadaye, akiwa anajua jiji hadi jiji njia ya kwenda mahali asipofika. Nilipokuwa mtu mzima nilimwomba radhi kwa lile neno la kwenye simu. Alidai halikumbuki. Mama alikuwa mwongo bora kuliko mimi. Yeye alidanganya kwa kuwapa watu kitu.

Lakini kuna jambo moja katika hadithi hii nililolifanya sawa, na hata hilo nilisukumwa. Mama Sanyu alikuwa amerudi Rågsved siku ile ile waliyofika. Alikunywa chai, akasikiliza habari za Chicago, akachukua sufuria yake. Juma moja baadaye mama aliuliza kama nimemwambia kitu. Nikasema hapana. Yeye na baba walikwisha kumshukuru, wakampelekea zawadi.

"Sisi tumemaliza yetu," mama akasema. "Yako utaipeleka mwenyewe."

Nikapanda treni Jumamosi asubuhi mpaka Slussen, nikabadilisha, nikashuka Rågsved. Njia nzima nilipanga maneno. Alipofungua mlango alikuwa na unga mikononi, na chumba kilinukia vitunguu. Nikamwamkia. Akaitikia, akarudi jikoni, nikamfuata, na maneno niliyoyapanga yakanitoka yote kwa mpigo mmoja bila mpangilio: kwamba nilisema simjui, na nilimjua, kwamba nilisema anadanganya, na mimi ndiye niliyedanganya, kwamba niliona karatasi yake inatetemeka.

Mama Sanyu aliendelea kukanda.

"Kule kwetu," akasema, "siku moja askari walisimamisha sisi njiani. Walishika jirani yangu. Miaka tisa tulichota maji bomba moja, mke wake alinishikia Sanyu nikiwa mgonjwa. Wakaniuliza, huyu unamjua? Mimi nikasema hapana." Akageuza donge. "Wewe ni mtoto. Mimi nilikuwa mtu mzima."

"Akafanyaje?" nikauliza.

"Aliniangalia. Basi." Akanawa mikono, akaikausha kwa aproni, polepole, kidole kwa kidole. "Kwa yule mimi sina treni ya kupanda, Rashidi. Ningekuwa nayo, ningekwenda leo. Wewe umepanda treni."

Akavuta kiti kwa mguu, akaweka sahani mbili mezani. Nikakaa. Akanimegea chapati moja iliyokwisha kuiva, akanisogezea mchuzi, akangoja mpaka nitie tonge la kwanza mdomoni ndipo na yeye akaanza kula.